Filamu ya Kitamil Sebuleni kwa Bwana Rajabu

Vijana wangu, mkinikuta leo huko Pap Onditi, kwetu Nyakach, nikipalilia mtama, mtadhani nimeshika jembe maisha yangu yote. Kazi yangu ilikuwa mdomo. Kwa miaka mingi nilikaa kando ya runinga katika banda moja la video pale Kondele, hapa Kisumu, maiki mkononi, filamu ikienda, nikiwaeleza watu kwa Kiswahili na Dholuo yale ambayo Wahindi, Wachina na Wamarekani walikuwa wakiambizana. Ni kazi isiyo na cheti. Siku niliyoiacha hakuna aliyenipa hata saa ya ukutani.

Leo nataka kuwaambia habari ya filamu moja ya Kitamil, ya ngumi na mapanga, niliyoitazama majuzi tu. Nimeona filamu nyingi mpaka zimechanganyikana kichwani, lakini hii imekaa peke yake. Tatizo ni kwamba siwezi kuieleza bila kumtaja Bwana Rajabu, kwa hiyo mnivumilie nianze na yeye.

Bwana Rajabu ndiye aliyekuwa na banda. Ni mzaliwa wa Kisumu hapahapa. Baba yake alitoka pwani akaoa huku, na yeye mwenyewe anaongea Dholuo kama mtu wa Nyakach na Kiswahili kutushinda sote. Kabla ya video alikuwa akipima vitambaa katika duka la Mhindi mmoja mjini, na huko ndiko alikookota Kihindi chake. Kilikuwa Kihindi cha mita na rangi. Alijua kusema bei ya mwisho, alijua kusema kitambaa hiki hakichuji. Steringi, yaani shujaa wa filamu, akimwambia msichana maneno matamu, Rajabu alikuwa akikisia kama sisi wengine, ila alikisia kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.

Mimi nilikuwa nauza chapati mlangoni. Ijumaa moja Rajabu alienda msikitini kama kawaida yake, akaacha filamu ikienda, akidhani atarudi mapema. Hakurudi mapema. Watu wakaanza kupiga benchi. Nikaogopa watavunja vitu, nikaingia nikachukua maiki, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko. Filamu yenyewe sikuijua. Steringi nikampa jina Ochieng, la mtoto aliyezaliwa jua likiwaka, kwa sababu alitokea mara ya kwanza jua likiwa kali. Adui nikamwita Landilodi. Banda zima likamchukia papo hapo, bila mimi kueleza alichokosa.

Makosa nilifanya. Nilimwona Ochieng akimfuta machozi msichana mmoja, nikatangaza kwamba huyo ni dada yake wa tumbo moja. Nusu saa baadaye wakaanza kuimba na kukimbizana kwenye maua, halafu kukawa na harusi. Banda zima likanigeukia likitaka maelezo. Nikasema kumbe hawakuwa ndugu, walilelewa pamoja tu, na wazazi wamefurahi sana. Wakacheka mpaka wakasahau kudai pesa zao. Rajabu alikuwa amesimama nyuma, amesharudi kitambo, kofia mkononi. Akaniambia, "Nyar Nyakach," yaani binti wa Nyakach, "kesho chapati aje kupika mtu mwingine."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi.

Sasa sikilizeni jambo la Kitamil, lugha ya Wahindi wa kusini. Siku moja ililetwa kanda mpya. Rajabu akaiweka kwenye deki, akakohoa vizuri, akaanza. Baada ya maneno machache akaziba maiki kwa kiganja akaninong'oneza, "Risper, hiki si Kihindi ninachokijua. Hawa wanaongea kama mvua kwenye mabati." Alikuwa na watu wamejaa mpaka mlangoni. Kisha akafanya kitu nilichokitumia maisha yangu yote ya kazi: akaacha kuwatazama midomo. Alitazama mikono, miguu, na nani anamkwepa nani. Akaieleza filamu nzima hivyo, na mpaka leo naamini alipatia karibu yote.

Ndipo akanifundisha. Mtu mwongo, aliniambia, mdomo wake unaweza kutulia lakini vidole havitulii. Wakianza kupigana wewe nyamaza unywe maji, kwa sababu ngumi hazihitaji mkalimani. Usimpe mtu jina gumu, watu watampoteza. Na lile alilolikazia kuliko yote: wakinyamaza wao, nawe unyamaze. Ukiongea juu ya mtu anayelia kimya, umemwibia mtazamaji.

Tukawapenda Watamil tangu siku hiyo. Mimi nina sababu zangu. Steringi wao wa zamani alikuwa mweusi kama sisi, ana masharubu, amevaa shuka kiunoni, anafanya kazi ya kuchafua mikono. Mmoja alifanana na mjomba wangu wa Bondo kiasi kwamba nilitaka kumwamkia. Na wana adabu zao: steringi akiinama akaikunja ile shuka yake mpaka juu ya magoti na kuifunga, jua sasa watu watapaa. Banda lilikuwa likiona shuka inakunjwa, linasimama.

Mambo yakabadilika. Kanda zikaisha zikaja sidi, sidi zikaisha, kila nyumba ikapata runinga, kisha simu. Wakaja vijana wa kutafsiri kwa kompyuta, wanarekodi sauti mara moja inasambaa mpaka Uganda. Ni hodari, nawasikiliza, ila wao hawajui nani anacheka wapi, na sisi tulikuwa tukimsikia mtu wa benchi la nyuma akikohoa. Rajabu akafunga banda. Mimi nikarudi shambani.

Mwaka huu akanipigia simu Mwanaidi, binti yake, yule fundi wa kushona anayekaa na baba yake mtaa wa Manyatta. Sukari ilikuwa imemla Rajabu macho, kwanza moja, halafu la pili. Hilo nilikuwa nalijua. Nisiyoyajua ni yaliyofuata.

"Mama Risper," Mwanaidi akasema, "Baba hatoki tena chumbani. Wageni wakija anajifanya amelala. Daktari amesema atembee, akae na watu, yeye anageukia ukuta. Anakonda. Nimejaribu nimeshindwa."

"Anasikiliza redio?"

"Hata redio ameniambia niizime."

Hilo la redio ndilo lililonitisha. Rajabu bila sauti ya mtu ndani ya nyumba sikuwahi kumwona.

Jumamosi nikaja Kisumu asubuhi. Nikapita Kondele kwenye duka moja la filamu nikawaambia nataka Kitamil, cha mapigano, kipya, wakanitilia kwenye flashi. Nikafika Manyatta, nikabisha mlango wa chumba chake.

"Mwalimu, ni mimi. Nimekuja na Kitamil."

"Nyar Nyakach. Umetoka mbali." Sauti yake ilikuwa imepungua. "Filamu ni kitu cha macho, Risper. Yangu yamefunga duka. Kaa na Mwanaidi mnywe chai."

Sikumbembeleza, namjua. Nilirudi sebuleni nikauacha mlango wake wazi kidogo. Pale sebuleni cherehani ya Mwanaidi iko karibu na dirisha, na kulikuwa na akina mama wawili majirani waliokuja kupimwa nguo. Nikachomeka flashi. Wale mama Kiingereza cha maandishi ya chini kiliwapita mbio, wakaniomba niwaelezee. Nikavaa miwani.

Filamu inaanza na weupe. Weupe mtupu mpaka macho yanapoishia, na watu wadogowadogo wanatembea juu yake. Nikasema, "Hapa ni nchi ya theluji."

"Theluji, na hawana viatu?" Mwanaidi akauliza bila kuacha kushona.

Ilikuwa chumvi. Ni mji wa pwani ambako watu wanafungia maji ya bahari kwenye vijiwanja, jua linakausha, wanaikokota chumvi kwa reki ndefu za mbao. Mimi nimekula chumvi miaka yote na sikujua inavunwa hivyo, wanawake wakiibeba kwa karai kichwani, nyayo zimepasuka. Kando ya chumvi kuna mama mjane mwenye kiwanja cha kuanika samaki. Anawageuza samaki juani mmoja mmoja, vilevile wanawake wa Dunga hapa ziwani wanavyogeuza omena, dagaa wetu. Jirani mmoja alisema, "Huyo ni wetu." Tukamwita Min Ochieng, mama yake Ochieng, na mtoto wake tukawa tumeshampa jina kabla hajatokea.

Naye alichelewa kutokea. Watamil hawamleti steringi hivihivi. Kwanza unaonyeshwa kisigino kikishuka kwenye lori. Halafu kidole kikizungusha ufunguo. Halafu shingo kwa nyuma. Ngoma zinapigwa mpaka glasi zinatetemeka kabatini, na uso bado. Ulipogeuka ule uso, nikaona mtu mzima mwenye mvi kwenye masharubu na kovu kwenye nyusi, ametoka jela, anarudi kwao. Nikafurahi. Nimechoka na steringi wa kunyolewa.

Adui ni bwana mmoja mpole anayekula karanga muda wote. Anataka kile kiwanja cha samaki ajenge bandari yake. Haongei kwa hasira hata mara moja. Anamenya karanga, anapuliza maganda, na mtu anapotea. Nawaambieni nilimwogopa kuliko wale wa kupiga kelele.

Basi wakaja watu wa kaki kwenye kiwanja cha mama. Nikawaeleza akina mama: "Polisi wamekuja kumlinda."

Kutoka chumbani ikasikika sauti: "Hao si polisi."

Mwanaidi akaachia cherehani.

"Mwalimu?" nikaita.

"Polisi wana viatu vya ngozi. Hao wamevaa ndala. Sikiliza vizuri kabla ya kusema."

Na kweli, kidogo tu wale wa kaki wakatoa marungu wakaanza kupindua vichanja vya samaki. Walikuwa walinzi wa Bwana Karanga. Ningependa kuwaambia nilikosea makusudi ili kumtoa mzee kitandani. Hapana. Nilikosea tu, miwani ilikuwa imejaa mvuke wa chai. Lakini nilipoona faida yake, sikuifuta miwani haraka.

Akaendelea kunisahihisha kutoka huko. Huyo anayekohoa ni mzee, usimwite kijana. Hilo ni lori, si basi. Akina mama walikuwa wakitazama mlango kuliko runinga. Mwishowe kitanda kikalia, kisha tukasikia kiganja kikitambaa ukutani, na Bwana Rajabu akatokea, amevaa shuka na fulana, mwembamba kuliko nilivyotarajia. Mwanaidi aliinuka kumshika, nikamtolea ishara aketi.

"Risper, unawachosha watu," akasema. "Sogea."

Nikasogea. Akaketi karibu nami, magoti yakielekea runinga kama mtu anayeona.

Hapo ndipo ilipokuja sehemu ambayo, mkiitafuta filamu hii, msiiruke. Ochieng anaingia kiwanjani kwa mama yake baada ya miaka yote ile ya jela. Mama yuko chini, anageuza samaki. Hakuna muziki. Hakuna neno. Nikafanya nilivyofundishwa: nikanyamaza.

Rajabu akangoja. Akageuza sikio. "Mbona kimya?"

"Hawaongei, Mwalimu. Si ulisema wakinyamaza ninyamaze?"

"Nilisema hivyo kwa ajili ya watu wenye macho." Akashika mkono wangu juu ya kifundo. "Sema."

Sikuwa nimewahi kutafsiri kimya. Nikaanza polepole, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetembea kwenye utelezi.

"Mama anageuza samaki. Hajainua kichwa. Ochieng amesimama, kivuli chake kimewafikia samaki. Mama amekiona kivuli. Najua amekiona kwa sababu mikono imeanza kwenda haraka. Anageuza hata wale aliokwisha kuwageuza."

"Halii?"

"Halii. Ochieng amevua viatu. Sasa mama amesogea. Amesogea kidogo tu, pembeni ya jamvi, nafasi ya mtu mmoja. Ochieng amechuchumaa hapo. Amechukua samaki. Amemgeuza vibaya, mama amempokonya, amemgeuza vizuri, amemrudishia. Sasa wanageuza wote wawili. Hajamtazama bado."

Cherehani ilikuwa imenyamaza na jirani mmoja alikuwa akijifuta machozi kwa kitambaa alichokuja kushonewa. Rajabu hakuuachia mkono wangu. Machozi yalimtoka kwenye yale macho yaliyofunga duka, akayaacha yashuke. Halafu akasema kwa sauti ya kazi kabisa, "Vizuri. Lakini hukusema jua liko wapi."

"Mgongoni kwa Ochieng, Mwalimu. Ndiyo maana kivuli."

"Mtu anataka kuambiwa."

Siku hizo zote za banda hakuwahi kuniambia neno 'vizuri'. Nililipokea neno hilo nikaliweka, nikaendelea na kazi.

Likaja pambano la mwisho. Ghala kubwa limejaa chumvi mpaka darini, walinzi wa Bwana Karanga wamezunguka, Ochieng ameingia peke yake na reki ya mbao. Nikamwambia Rajabu, "Ameinama. Anakunja shuka."

"Ameifunga?"

"Anaifunga."

"Hii niachie," akasema, akainuka.

Mikono yake ilinyooka, na sauti ikatoka ileile ya Kondele, kifua kizima. Aliifuata ngoma. Ngoma ikipanda alimrusha mtu, ikikatika alimwangusha. "Wa kwanza huyo amekuja na haraka, amepata jibu la haraka. Wewe mwenye fimbo, hiyo fimbo uliazima, rudisha. Ochieng amepanda juu ya sukari, sukari inaporomoka, watatu wamezikwa mpaka kiunoni."

Sukari. Alisikia punje zikimwagika, na mtu wa Kisumu akisikia ghala na punje zikimwagika kichwani kwake ni kiwanda cha sukari. Mwanaidi alinitazama. Nikatikisa kichwa asiseme. Dirishani kulikuwa kumejaa, watu wa ploti nzima, wapangaji wote wa hapo, wamesikia kelele. Vichwa vimepangana, watoto wamebebwa mabegani, na wote hao wanaona chumvi nyeupe pee, na wote wanashangilia sukari. Mzee mmoja wa nje akaitika, "Muoshe na chai kabisa, Bwana Rajabu." Rajabu akamwambia asubiri, maji hayajachemka.

Mimi kazi yangu ikabaki kunong'ona. "Bwana Karanga yuko nyuma yake, ana panga." Naye akalitangaza kwa watu kana kwamba ameliona yeye kwanza. Bwana Karanga alianguka na karanga zake zikatawanyika, tukazisikia zikidunda sakafuni, na Rajabu akazihesabia kila moja kosa lake: hii ya mjane, hii ya samaki, hii ya watu waliopotea. Filamu haikusema hayo, nami naona ilipaswa kuyasema.

Mkiniuliza kama ni filamu nzuri, nitasema ni ndefu mno, nyimbo mbili wangezitoa, na lori haliwezi kuruka mto vile, hata likiwa la Kitamil. Lakini yule mama wa samaki ningemtazama tena kesho. Na Ochieng alinifanya niwakumbuke wanaume fulani ninaowajua, waliorudi kwao wakiwa hawana cha kusema, wakachuchumaa wakashika kazi.

Watu wa dirishani hawakutaka kuondoka. Rajabu alibaki amesimama, jasho likimtiririka, akiuliza huyu ni nani, na huyu ni nani, akiwashika mikono kupitia nondo za dirisha. Siku hizi hakai tena chumbani mchana. Jumamosi baada ya sala ya alasiri Mwanaidi anasukuma cherehani pembeni, majirani wanaleta viti vyao, nami nikipata nafasi natoka Pap Onditi. Mimi nasema yasiyosikika, yeye anasema yanayosikika, na tunagombana mbele za watu kuhusu mpaka uko wapi. Sukari haijamwacha, lakini anatembea mpaka msikitini na kurudi, na ugali anamaliza.

Siku ile ya kwanza, nilipokuwa navaa viatu nirudi nyumbani, aliniita mlangoni.

"Risper. Lile shati la Ochieng mle ghalani. Lilikuwa rangi gani?"

"Buluu, Mwalimu. Buluu iliyopauka."

Akafikiri.

"Mimi nilimvalisha jeupe," akasema. "Usimwambie mtu. Jeupe limemkaa vizuri."